Mtoto wa Maziwa na Sahani ya Lengalenga

Nakumbuka vizuri mwaka wa mashu. Mashu njo kabichi, mwanangu, kama kwenu mnaziita hivyo. Mimi miaka siihesabu kwa namba, shuleni sikukaa sana. Naihesabu kwa chungu. Kuna mwaka wa viazi vidogo, kuna mwaka wa maharage bila chumvi, na kuna huo wa mashu. Mvua ilikata njia, magari yakashindwa kupanda, na mashu yote ya Nyamitaba yaliyokuwa yaende Goma yakabaki kwetu. Tukala mashu asubuhi, tukala mashu mchana. Hata kanisani, watu wakifungua mdomo kuimba, harufu ni ya mashu. Mbuzi walishiba mpaka wakiona rundo wanageuza njia. Kila mtu wa kilima hiki alikula mashu mwaka ule, isipokuwa wawili tu: mimi, na mjukuu wangu Furaha.

Mimi nilikuwa na sababu yangu, ao niseme kiburi changu. Nimezaliwa kwenye ng'ombe, nikaolewa kwenye ng'ombe. Kwetu mtoto akinenepa tunasema ni maziwa. Akiwa na meno meupe, ni maziwa. Mwanamke mwenye kibuyu kilichojaa alijiona hana haja ya kuinama shambani kuchuma majani. Jirani akiniletea sahani yenye majani, nilikuwa nainua kidevu na kusema mbele ya wote: "Hapana. Sitaki. Peleka kwa ng'ombe." Watu wanacheka, na mimi najiona mtu mkubwa. Sikujua nani alikuwa ananisikiliza pale chini, kwenye magoti yangu.

Furaha ni mtoto wa Solange, binti yangu wa kwanza. Solange anauza fromaji, hiyo mnayoita jibini, sokoni Kitshanga. Jumatatu anapanda moto, yaani pikipiki, anakwenda, Jumamosi anarudi, na mtoto ananiachia mimi. Mwaka ule Furaha alikuwa ametoka kutimiza miaka miwili. Ananiita Koko, kama wajukuu wote wa huku wanavyoita bibi zao. Mzuri huyo mtoto! Mashavu mviringo, macho makubwa kama ya ndama. Wapita njia walikuwa wanasema, huyu kweli anakula. Kumbe hakuwa anakula. Alikuwa anakunywa. Maziwa akiamka, maziwa mchana, maziwa akienda kulala. Nikimwekea kiazi anakilamba kidogo, anakiacha, anaonyesha kibuyu kwa kidole. Na mimi nampa, tena kwa majivuno, mkono juu, jirani waone.

Kisha akaanza kuchoka. Mtoto aliyekuwa anafukuza kuku uwanja mzima, sasa anafukuza kidogo, anakaa chini, anawaangalia tu. Nikamkuta mara moja nyuma ya nyumba analamba udongo wa ukuta. Nikamfuta mdomo, nikasema ni utundu. Nikamkuta mara ya pili, na ya tatu. Hapo nikamfunga mgongoni, nikashuka naye kituo cha afya.

Muganga wa pale alikuwa mwanamke kijana, nywele amesuka fupi. Akashika kiganja cha Furaha, akakifungua, akakiweka karibu na chake.

"Koko, huyu mutoto anakulaka nini?"

"Maziwa," nikajibu, shingo ndefu.

"Na nini tena?"

"Maziwa."

"Koko, sikukuuliza mara mbili juu ya kukosa kusikia." Akanivuta nione. "Angalia huu mukono. Iko mweupe kama ametoka kukanda unga. Damu yake iko kidogo. Maziwa ni mazuri, sikatai, lakini tumbo inajaa maziwa, kitu ya kuleta damu inakosa fasi. Anapaswa akule majani, maharage, sambaza, mayai, matunda. Maziwa ni kikombe mbili kwa siku, na ni nyuma ya chakula, hapana mbele."

Akanipa dawa ya kunywa, akaniambia nirudi naye kila mwezi, na kwamba kufika mwezi wa tatu, kama kiganja kimebaki vile, atatutuma hospitali kubwa kule chini kando ya ziwa wakamwongeze damu.

Mwanangu, nilipanda kile kilima nasema peke yangu njiani. Damu ya mtu mwingine ndani ya mjukuu wangu, kwa sababu ya kibuyu changu! Mimi ambaye nilikuwa nikiona mtoto mwembamba wa jirani nasema, maskini, hawana ng'ombe.

Sikuingia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Zawadi. Shamba lake limepakana na malisho yetu, na tunajuana tangu sisi wote wawili ni mabibi-arusi, ingawa yeye amenitangulia miaka. Watu wake ni wakulima tangu zamani, wa maharage na mihogo. Nikamkuta ameinama.

"Mama Zawadi, nipe lengalenga kidogo."

Akanyoosha mgongo polepole. "Weye? Lengalenga? Ngoja kwanza niite bantu bakuje kuona."

"Usinichokoze leo."

Akaniangalia usoni, kicheko kikamwisha. Akakata majani mkono mzima, hayo kwenu mnayaita mchicha, akayafunga.

Nilipika vizuri siku ile, usifikiri nilipika ovyo. Kitunguu, mafuta mekundu, na sambaza, samaki wa ziwani ambazo wamama wanazipandisha kutoka Kirotshe, zile ndogo kama sindano, nikazisaga ziwe unga. Nikamwekea Furaha sahani mbele. Akaiangalia. Akaniangalia mimi. Kisha akainua kidevu, na kidevu kile ni changu, hata mume wangu angekuwa hai angekitambua, akasema:

"Hapana. Sitaki. Peleka kwa ng'ombe."

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Ulikuwa mdomo wangu ule, umewekwa kwenye uso mdogo. Na mtu akiona aibu yake imesimama mbele yake, mara nyingi anaipiga. Nilimshika Furaha, nikamlaza kwenye paja, kichwa nyuma, na mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe kumbana pua.

Mkono ule ulikuwa unaijua ile kazi, mwanangu. Hapa niache kidogo habari ya Furaha nikuambie kosa la ujana wangu, maana bila hilo hutaelewa.

Solange alipokuwa na umri uleule, aliugua akakonda, nikaambiwa nimpe lengalenga. Akakataa. Mimi nilikuwa msichana tu, na nilijua njia moja tu ya kumezesha kitu kisichotaka kumeza: ile tunayonyweshea ng'ombe dawa. Unainua kichwa cha mnyama, unabana pua, unaingiza mdomo wa chupa pembeni ya meno, unasubiri koo lifanye kazi. Nikalifanya hilo kwa mtoto wangu. Na kijiko badala ya chupa. Alikohoa, akatapika, akalia mpaka sauti ikakauka, na kesho yake nikarudia. Mama Zawadi alisikia kilio tangu shambani, akaja na jembe mkononi, akasimama mlangoni.

"Unalisha mutoto ao unanywesha ng'ombe dawa?"

"Anakataa!"

"Na mimi ningekukatala na sura hiyo." Akanipokonya mtoto, akamfuta, akatoka naye uwanjani. Alikaa naye mpaka jua likaanguka, na mimi nikabaki ndani nimeshika kijiko kama mjinga.

Solange alipona, Mungu asifiwe. Lakini mpaka amekuwa mama mzima, akisikia harufu ya lengalenga alikuwa anatoka nje. Hakuwahi kuniuliza kwa nini. Pengine hakumbuki. Koo ndilo lililokumbuka.

Basi siku ile, na Furaha kwenye paja, niliona vidole vyangu vimefika puani pake. Nikaviondoa. Nikamketisha vizuri. Nikala aibu yangu kimya, na sahani ikaenda kweli kwa ng'ombe.

Asubuhi Mama Zawadi akaniita toka kwenye ua.

"Amekula?"

"Amekatala."

"Amesema nini?"

Nilitaka kuficha, nikashindwa, nikamwambia neno kwa neno. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini katikati ya maharage yake.

"Umezaa mdomo yako mwenyewe!"

"Cheka umalize."

"Nimemaliza." Hakuwa amemaliza, alicheka tena. "Sasa weye mwenye ng'ombe nyingi, nifundishe. Ndama inajifunzaka majani kwa nani? Uko unaikamatia kijiko?"

"Inajifunza kwa mama yake."

"Mama yake anaiambiaka nini?"

"Haiambii kitu. Yeye anakula tu."

"Na weye unakulaka?"

"Aah," akasema Mama Zawadi, akarudi kwenye palizi yake.

Nilimbeba Furaha nikaenda naye malishoni. Miaka yote naishi na ng'ombe, na siku ile njo niliangalia. Tulikuwa na ndama mmoja mwekundu, amezaliwa kabla ya mvua. Mama yake anakula, krr, krr, ulimi unazungusha majani, anayakata, hana habari na mtu. Ndama anasogeza pua. Ananusa. Anavuta jani moja, analiachia. Anaruka, anakimbia, anarudi, ananusa tena. Anatafuna kidogo, anatema. Na ile ng'ombe haikumpiga pembe, haikumfuata kusema kula, kula, kula! Ilikula tu, tena kwa utamu mkubwa, mpaka yule mdogo akaona kuna jambo hapa asilolijua.

Nilirudi nyumbani mbio. Kweli, mbio, na umri wangu huu!

Nikapika lengalenga tena. Safari hii sikumwita Furaha. Nikakaa mlangoni, sahani yangu kwenye magoti, nikafunga macho, nikatia tonge la kwanza mdomoni. Niseme ukweli mbele yako: nilijiandaa kuteseka. Kumbe ni tamu! Mafuta, kitunguu, zile sambaza, na lile jani laini linateleza. Umri wote huu napeleka kwa ng'ombe kitu kama hiki! Nilikasirika, mwanangu, na mtu wa kumkasirikia alikuwa mmoja tu, ameshika sahani. Nikala kwa kelele kama yule ng'ombe.

Furaha akaja. Akasimama karibu na goti langu.

"Koko, unakula nini?"

"Lengalenga."

"Ni ya ng'ombe."

"Hii ni ya Koko." Nikala tena, sikumpa, sikumwangalia hata kidogo. Macho nimeyaweka kwenye ukuta.

Akaweka kidole kwenye sahani. Akakilamba. Akakunja uso wote mpaka macho yakapotea, akafuta ulimi kwenye kitenge changu, akaenda zake. Na mimi nikaona ushindi! Wewe utasema ushindi gani, ametema. Lakini nilikuwa nimemwona ndama, sikuogopa.

Tangu hapo kila siku tulikwenda shambani kwa Mama Zawadi. Nikamwacha ashike, avunje, achume yeye mwenyewe. Karoti aliivuta kwa mikono miwili, ikatoka ghafla akaanguka nayo chali, akacheka peke yake. Kwa avoka, yaani parachichi, alipapasa ganda, likapasuliwa, akaona kile kiini cha njano na mbegu katikati, akasema, "Yai!" Siku hiyohiyo alikula nusu nzima kwa vidole, mashavu yote kijani. Mama Zawadi akampa jina la kila jani, na yeye anarudia, anaharibu, tunacheka. Nyumbani aliosha majani kwenye beseni, maji yote kwenye nguo, akatia mwenyewe chunguni. Kile alichokitia yeye alikuwa anakuja kukichungulia, kuuliza kama kimeiva.

Na maziwa? Hapo palikuwa na vita, sitakudanganya. Kibuyu nilikitundika juu. Alikililia siku tatu, na mimi nililia naye, yeye chini, mimi jikoni. Mara moja nilinyoosha mkono kukishusha. Nikakumbuka kile kiganja. Nikampa kikombe, baada ya chakula, na ile dawa yake, kama tulivyoambiwa.

Sahani yake ilikuwa ndogo. Pembeni ya kiazi niliweka lengalenga kidogo, kama ukubwa wa kidole gumba. Akiiacha, sikusema. Kesho yake inarudi palepale. Siku nyingine aliitupa kwa kuku. Siku nyingine aliitafuna akaitoa, akaniwekea mkononi kama zawadi, nikasema asante. Maharage aliyakubali mapema, yamepondwa na ndizi. Yai alilipenda, na zile hadithi za wazee wetu kwamba mtoto akila yai atachelewa kusema, mimi nakuambia Furaha anasema mpaka masikio yanauma.

Lakini lengalenga! Zilipita siku saba, nane, nikaacha kuhesabu. Kisha siku moja mchana, jua kali, mimi nakula, yeye anakula. Akachukua ile ya pembeni kwa vidole vyake, akaiweka mdomoni, akatafuna. Nikasubiri aiteme. Akatafuna. Akaniangalia. Koo likapanda, likashuka. Akafungua mdomo kunionyesha kama umebaki mtupu.

Mwanangu, nilirusha sahani! Nilitoka nje bila kitambaa kichwani, nikakimbia mpaka kwenye ua.

"Mama Zawadi! Amemeza! Amemeza!"

Mama Zawadi akatupa jembe, akaja mbio ameshika kichwa. "Yesu! Amemeza nini? Kifungo? Musumari?"

"Lengalenga!"

Akasimama. Akashika kiuno, anahema. "Weye mama utaniua siku moja," akasema, kisha akanishika mikono, tukacheza pale uani wanawake wawili wazima, na Furaha mlangoni anatuangalia, anafikiri tumerukwa na akili.

Mwezi wa tatu nikamshusha tena kwa muganga, kama kila mwezi. Akafungua kiganja, akakiweka karibu na chake. Akaita mwenzake aje aone. Kilikuwa na rangi, mwanangu, rangi ya mtu! "Koko, umefanya nini?" akauliza. "Nimekula," nikamjibu, na safari hii shingo yangu ilikuwa ndefu kwa haki.

Jumamosi ile Solange akafika, vumbi la moto mpaka kwenye nyusi. Furaha alikuwa anakula. Mama yake alisikia harufu, akasimama nje kama kawaida yake. Basi mtoto akachota na vidole, akatoka na lengalenga inadondoka mafuta, akanyoosha mkono kwa mama yake.

"Mama, kula. Ni ya Koko. Ni ya Furaha. Kula."

Solange akaniangalia mimi. Nikaona yale macho ya zamani, ya mtoto aliyelazwa kwenye paja langu. Sikuwahi kumwambia neno juu ya jambo lile, maana wazazi wa kwetu hatuna mazoea ya kuomba watoto msamaha. Siku ile nikasema.

"Usikule kama hautaki, mwanangu. Nilikukosea na kile kijiko. Sitakushika pua tena."

Akapeleka mkono puani pake. Kumbe alikuwa anakumbuka. Kisha akapiga magoti mbele ya mtoto wake, machozi yanachora njia kwenye vumbi, akafungua mdomo. Akatafuna. "Ina chumvi nyingi," akasema, na tukacheka wote mpaka kuku wakakimbia.

Sasa nisikilize, wewe mama kijana, ao baba, ao dada uliyeachiwa mtoto. Usimnyweshe mtoto chakula kama dawa ya ng'ombe. Keti naye, kula mwenyewe kile unachotaka ale, na ukile kwa utamu wa kweli, kwa sababu mtoto anajua uongo. Mpeleke alipoota jani, alishike, alijue jina. Weka kidogo kwenye sahani, ukikataliwa nyamaza, kesho weka tena, na keshokutwa. Maziwa yaje nyuma ya chakula. Ukiona kiganja kimepauka ao analamba udongo, usingoje kama mimi, mpeleke kwa muganga leo. Na chunga unachokidharau mbele yake, maana atakirudisha neno kwa neno, na kidevu chako juu.

Mungu akujalie chungu kisichokosa kitu cha kijani. Akupe watoto wenye viganja vya moto na mbio ndefu, wanaoomba waongezewe. Akupe na jirani mwenye jembe, wa kukukatalia pale unapokosea. Na uzeeke uone wajukuu wanakula kukushinda.

Mimi wangu amekwisha kunishinda. Jumapili iliyopita tulitoka kanisani nimechoka, nikaona uvivu kuwasha moto. Nikamjazia Furaha kikombe cha maziwa, mazuri, ya kukamuliwa asubuhi ileile, povu juu, nikamwekea mbele bila sahani. Akachungulia kikombe. Akatafuta sahani kushoto, akaitafuta kulia. Akakisukuma kikombe kwa kidole kimoja, akainua kidevu, akaniambia:

"Hapana. Sitaki. Peleka kwa ng'ombe."